Kijiti cha Chupa ya Pili

Katika chuo kile cha Uholanzi hapakuwa na mkuza fuwele wa kumfikia Hessel Wiersma. Miaka ishirini na sita alilea mabakuli ya maji yenye chumvi ya manganizi, akingoja fuwele ziote, vijiti vya rangi ya waridi, vyembamba kama njiti za kiberiti. Kijiti kimoja kilitaka miezi minne. Wenzake walimtania kwamba hata mkewe hakumchumbia kwa subira ile.

Ndani ya kijiti, chembe za manganizi hujipanga foleni ndefu, kila moja sumaku ndogo inayoelekea kinyume cha jirani yake. Mahali fulani mpangilio hukosewa, na kosa lile hutembea foleni nzima bila kuchoka. Wataalamu huliita solitoni. Marjolein Teeuwen, mwanafunzi wa udaktari, alizisikiliza solitoni hizo kwa mawimbi ya redio, kijiti kikiwa kwenye heliamu ya baridi kali, katikati ya sumaku kubwa.

Mwezi wa tatu, Hessel alikidondosha sakafuni kijiti safi alichomwoteshea Marjolein, kikavunjika vipande vipande. Chumba cha pili Marjolein alikwisha kujaza heliamu.

"Vipi, Mzee Hessel, ndiyo kwanza unakiotesha?" alipiga kelele.

Mzee akaona haya. Akachomoa kijiti cha chupa ya pili, kilichotiwa shaba kidogo kwa jaribio la mtu mwingine. Kwa macho huwezi kuvitofautisha, lakini chembe ya shaba ikikaa kwenye foleni, solitoni hugonga ukuta na mwendo wake hupungua. Nitamwambia jioni, alijisemea, akampelekea.

Jioni Marjolein alikuja mbio. "Mzee wangu, zinakwenda polepole kuliko hesabu za watu wote! Hakuna aliyewahi kuliona hili!" Akamkumbatia. Hessel akayameza maneno yake.

Mficha uchi hazai, jamani! Jioni ile ikazaa kesho, kesho ikazaa miezi. Sura ya nne ya kitabu cha udaktari cha binti ikaandikwa juu ya kijiti kile, kitabu kikachapwa, na juu ya hayo akamwomba Hessel awe msindikizaji wake siku ya kukitetea mbele ya maprofesa, asimame ubavuni pake katika koti la mkia. Heshima hiyo hupewa ndugu, au rafiki wa chanda na pete. Hessel alikubali.

Siku ikafika, mwezi wa kumi na moja. Profesa Mfaransa, aliyealikwa kumhoji kama mpinzani, alisimama. "Mtahiniwa, sura ya nne inanikera. Una hakika kijiti kilikuwa safi?"

"Mheshimiwa mpinzani, nina hakika kama ninavyolijua jina langu. Aliyekikuza ni huyu hapa ubavuni pangu, na sijawahi kumwona akikosea."

Ukumbi ukacheka kwa upendo. Hessel alijiambia kwamba kwa desturi msindikizaji hasemi neno. Alijua anajidanganya, na alijichukia. Mara mshika fimbo wa chuo akaingia, akagonga sakafu, akatangaza saa imetimia, na maswali yakaishia hapo.

Marjolein akapewa udaktari wake. Kwenye tafrija, watu wakila jibini, Mfaransa alimkaribia binti. "Nipe kijiti cha sura ya nne nikakipime kwangu."

"Mzee Hessel, mpe kilekile!" alisema binti, uso ukimng'aa.

Hessel alishuka chumbani kwake. Aliporudi alikuwa na kichupa chenye kibandiko alichokiandika kwa mkono wake, kama alivyofanya miaka yote: chupa ya pili, kimetiwa shaba. Hakumpa Mfaransa. Alimpa Marjolein.

Binti alisoma, akarudia. Uso ukamsawijika. "Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Kile safi nilikivunja. Niliona aibu, mwanangu."

"Ungeniambia siku ile, ningenuna mpaka saa ya chakula, basi. Halafu ungeotesha kingine." Akakigeuza kichupa. "Miezi minne tu, Mzee Hessel. Tulikuwa nayo."

Marjolein alijipangusa macho, akamshika Mfaransa mkono. "Profesa, sura ya nne si kweli. Njoo tukae nikueleze."

Wakaketi wawili wao mezani. Hessel akabaki amesimama na koti lake la kuazima, na hakuna aliyemwambia aketi.