Maji ya Rejeta Kule Newala

Barua yangu ya kumaliza utumishi jeshini iko moja tu. Ina mhuri wa bluu, na kona yake moja imeliwa na panya wa Tunduru, nilipokwenda kule kujaribu bahati kwenye machimbo ya vito. Nilipoamua kusomea ufundi wa magari, nilikuta vyuo viwili vinavyonifaa, kimoja Masasi na kingine Newala, na vyote vilitaka barua halisi iambatane na fomu. Nakala hawakupokea. Kwa hiyo nisingeweza kuomba kote kisha nikakaa kusubiri. Nilitakiwa kuchagua kabla ya Ijumaa, na mwaka unaofuata ningekuwa nimeshapita umri wanaoupokea.

Nilikuwa nakaa kwa dada yangu Lukuledi. Jioni moja aliichukua fomu mezani, akaisoma yote, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hapa mbona hujajaza?"

Mstari ulikuwa unauliza: kwa nini unataka kusoma fani hii?

"Bado nafikiri."

"Shule uliiacha kidato cha pili, bado unafikiri. Bandarini Mtwara miezi minne. Mitumba Nachingwea hata sijui wiki ngapi. Jeshini tu ndiko ulikokaa miaka tisa, na kule kulikuwa na geti."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Ukianza hiki ukakiacha njiani, usije hapa kunisimulia. Hadithi zako nimeshiba. Safari hii nisimulie ukimaliza."

Katika ile miaka tisa, sita nilikuwa karakana ya magari. Kambi yetu ilikuwa kando ya mto. Kila Jumatatu tulifungua rejeta za magari yote, tukamwaga maji chini, tukajaza mapya. Siku moja nilimwuliza sajini sababu yake. Jibu alilonipa ni kuzunguka uwanja mara kumi na tairi begani. Nikazunguka, nikarudi, swali bado ninalo.

Jumanne niliazima pikipiki ya dada nikaenda Masasi. Mwalimu wa kule alikuwa kijana mchangamfu, sakafu ya karakana yake safi kuliko sahani zangu. Alichomeka waya chini ya usukani wa gari dogo, na kwenye kioo cha kifaa alichoshika yakatokea maandishi.

"Unaona, mzee? Inasema kihisio cha moshi kimekufa."

"Imejuaje?"

"Imeletewa taarifa kutoka huko ndani."

"Na kama taarifa ni ya uongo?"

Akacheka. "Mzee, utanimalizia chaji."

Nilimpenda. Mkono wangu ulishaingia kwenye mkoba kuitafuta barua. Ila mimi nina ugonjwa mmoja: kitu siwezi kukiamini mpaka nione na chenzake. Nikamwambia nitarudi.

Jumatano nikapanda Newala. Mwalimu wa kule ni mwanamke, nimemzidi kama miaka kumi, alivaa ovaroli na kilemba cha kitenge. Akaniwahi: "Shikamoo."

"Marahaba, mwalimu," nikajibu, na visigino vyangu vikagongana vyenyewe.

Wanafunzi wakaangua kicheko. "Afande, tulia! Hapa hatupigi saluti!"

Alinipeleka kwenye pikapu kuukuu iliyokuwa imefunguliwa boneti. "Kila anayekuja kuomba nafasi nampa hii. Ikague, uniambie ina nini. Nakuja." Akaingia ofisini.

Mikono yangu haikuniuliza. Nilishika rejeta, ilikuwa baridi. Nikalala chini, nikafungua koki. Maji yakashuka kwa nguvu, na mchanga mwekundu wa Newala ukayameza palepale.

Kisha msichana mmoja akapiga kelele: "Wee! Wee mjeda, unafanya nini?" Akajitupa chini kuziba koki kwa kiganja. Mwingine akaja mbio na beseni. Walichoambulia hakikujaza hata kikombe.

"Katumwagia Ruvuma nzima!" mmoja akasema, wengine wakashika vichwa.

Mwalimu akatoka. Akaangalia pale palipolowa. Laiti angefoka. Alizungumza kwa adabu ileile ya shikamoo, na hilo ndilo lililonichoma.

"Kaka yangu, hayo ni maji ya mvua, tumeyaweka tangu masika. Huwa tunayatoa kwenye beseni, tunayachuja kwa kitambaa, tunayarudisha. Darasa zima limesomea maji hayohayo."

"Samahani sana, mwalimu. Jeshini tulikuwa..."

"Jeshini mlikuwa na mto."

Sikuwa nimemwambia habari za mto. "Nitaleta mengine," nikasema.

"Maji utaleta. Lakini yale yalikuwa na jibu ndani yake. Haya, niambie, gari lina nini?"

Nilitazama ule mchanga. Kingo zake zilishaanza kukauka.

"Huko jeshini," akauliza, "mlipokuwa mnamwaga, mlikuwa mnayaangalia?"

Rejeta nilizofungua maishani mwangu siwezi kuzihesabu. Hata moja sikuwahi kuangalia kilichotoka.

Njia nzima kurudi Lukuledi niliwaza hilo. Asubuhi ya Alhamisi nikafunga madumu mawili ya maji nyuma ya pikipiki. Nilipoingia Newala, mama mmoja aliyekuwa anafagia mbele ya duka lake akanisimamisha.

"Unauzaje?"

"Siuzi, mama."

"Umeleta maji Newala halafu huuzi? Wewe wa wapi?"

Chuoni tulijaza rejeta, tukawasha gari mpaka likapata moto, tukalizima, tukasubiri lipoe. Kusubiri kule kulichukua muda mrefu, na hakuna aliyelalamika. Ndipo mwalimu akasogeza beseni jeupe, nami nikafungua koki kidogokidogo kama anayekamua mbuzi mkali.

Nikachuchumaa. Maji yalikuwa na rangi ya chai kwa kutu. Yalipotulia, juu yake ikatanda ngozi nyembamba, inang'aa zambarau na kijani kama shingo ya njiwa.

"Unaona nini?"

"Kutu. Na mafuta."

"Mafuta yameingiaje humo?"

Ndani ya injini maji yana njia yake na mafuta yana yake. Hilo nilijua. Miaka sita nilijaza yote mawili, haya huku na yale kule. Wanafunzi walinizunguka, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Sijui," nikasema. Kisha nikashindwa kujizuia. "Ile mashine ya Masasi ingejua?"

"Kamuulize mwenye nayo. Mimi nina beseni."

Nikaazima kalamu, nikalaza fomu juu ya boneti ambayo bado ilikuwa na uvuguvugu, nikajaza ule mstari: *Nataka kujua mafuta yameingiaje kwenye maji ya rejeta.* Nikampa pamoja na barua.

Aliisoma polepole. Akagusa kona ya barua. "Na hapa?"

"Panya."

"Umri wako uko ukingoni, hilo atalitazama mkuu wa chuo. Mimi naipeleka leo." Akaikunja, akaiweka mfukoni. "Sasa chuja hayo maji. Tone lisianguke."

Yule msichana aliyeziba koki jana alinishikia kitambaa kwenye mdomo wa dumu. "Polepole, mjeda," akawa ananiambia, "polepole, hapa siyo mtoni."

Jioni ile nilifika Lukuledi nimejaa maneno mpaka kooni. Nikakaa jikoni, nikaanza: "Dada, leo nimeona kitu..." Akainua mwiko.

"Umemaliza?"

"Ndiyo kwanza nimepeleka fomu."

"Basi nyamaza."

Mkuu wa chuo alinipokea, kwa onyo kuhusu umri. Mafuta yameingiaje, hilo nilikuja kulijua wiki ya tatu, tulipoinua kichwa cha injini tukakuta gasketi, ule utando unaotenga njia ya maji na ya mafuta, imeliwa kwenye ukingo mmoja, sehemu nyembamba kuliko ukucha. Nilijiogopa siku hiyo, maana kwa kawaida nikishajua kitu huwa nafunga mkoba. Lakini nilikuwa nimeshaanza kujiuliza kwa nini imeliwa upande ule na si mwingine, na mwalimu naye alisema hana hakika.

Sasa ni mwezi wa saba tangu nianze chuo. Kila nikishuka Lukuledi dada ananitazama mikono, anaona grisi kwenye kucha, ananipa maji ya kunawa. Naye anataka kujua, namwona. Juzi alinizunguka mara mbili, akaniuliza kama chakula cha Newala kinatosha, akauliza kama kunanyesha. Nikamjibu kuhusu chakula na mvua tu.