Maharage Nyuma ya Nyumba ya Serikali

Wastaafu wa idara yetu wakikutana, haupiti muda kabla mtu hajataja ule uhaba wa petroli wa miaka ya sabini. Kila mmoja hueleza alivyoteseka. Nami kwa miaka mingi nimeeleza nilivyoteseka, kwa sauti ya huzuni kuliko wengi. Sikuteseka. Ile miezi mitatu niliyokaa nyumbani Kibondo bila gari ndiyo miezi pekee ya utumishi wangu ambayo ningekubali kuirudia bila mshahara, na kila aliyeniuliza kama niliifurahia nilimkatalia.

Kazi yenyewe niliianza Kasulu, nikiwa na shahada mpya na viatu vya kisigino. Mkaguzi wa Kilimo, mtu asiyependa kukaa wala kukalisha watu, alinipokea amesimama. Alinikabidhi kamba ya kupandia. Kwa vijana ambao hawakuiona: ni kamba ndefu yenye mafundo, unaivuta toka mwanzo wa shamba hadi mwisho, na kila penye fundo unachimba shimo.

"Hii ndiyo kazi," alisema. "Mahindi peke yake, maharage peke yake. Mkulima akichanganya, ujue hujafika kwake."

"Na kama ana eneo dogo, mzee?"

"Hujafika kwake," alirudia, akanifungulia mlango.

Enzi hizo Bibi Shamba alipimwa kwa idadi ya vijiji alivyotembelea, si kwa kilichoota. Nami nilikuwa hodari wa kutembelea. Nilishuka kwenye gari la idara, nikavuta kamba, nikaeleza faida za mstari, nikaondoka kabla mvua haijaharibu barabara. Baada ya miaka miwili nikahamishiwa Kibondo, bado chini ya Mkaguzi wa Kasulu, nikapewa nyumba ya serikali yenye kiwanja kikubwa nyuma. Kiwanja hicho kiliota majani hadi usawa wa dirisha. Nilikuwa mtaalamu wa kilimo ambaye hajawahi kupalilia hata mchicha wake mwenyewe.

Petroli ilikatika mvua zilipoanza. Barua ikaja kutoka Kasulu: watumishi wa ugani wabaki vituoni mwao hadi watakapoarifiwa. Haikusema wabaki wakifanya nini.

Wiki ya kwanza nilipaka sakafu rangi nyekundu. Wiki ya pili nikadarizi vitambaa vya makochi, ingawa sikuwa na kochi. Wiki ya tatu nilisoma upya vitabu vyangu vya chuo, nikagundua kwamba mitihani niliifaulu bila kuvielewa. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya nyuma, sina la kufanya, alipopita jirani yangu Mama Bukuru, mama wa mapacha, akielekea shambani kwake upande wa Murungu.

"Mwakeye, Bibi Shamba," alinisalimu kwa Kiha. " Leo huendi kutufundisha?"

"Gari halina petroli, Mama Bukuru."

"Kumbe ni gari lililokuwa linatufundisha!" Akayatazama majani yangu. "Umesoma miaka mingapi wewe?"

"Kumi na saba."

"Na jembe lilikuwa mwaka wa ngapi?"

Kesho yake alirudi na jembe la akiba na kibuyu cha mbegu. Nikatoa kamba yangu. "Hiyo utaanikia nguo," alisema, na ndivyo nilivyoitumia tangu siku hiyo. Alinionyesha wanavyopanda wao: maharage yanaingia shimo moja na mahindi, ili yakikua yapate mti wa kukwea, na majani yake yafunike ardhi magugu yasipate nafasi. Chuoni tuliuita upandaji huo uzembe.

Nililima. Mikono ilitoka malengelenge, kisha sugu. Niliamka kabla ya jua ili niwahi kuona kilichobadilika, nikaanza kuandika daftari: siku ya kuota, siku ya ua la kwanza, wadudu gani, mvua gani. Wanawake waliopita njia walisimama kunisahihisha na kunicheka. Mmoja alinipokonya jembe, akalima mstari mzima akinisimulia habari za wifi yake, akanirudishia. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu wakulima ndio waliokuwa wakinitembelea. Dereva alipokuja kuniambia pipa la petroli limefika, nilimwambia gari lipumzike kwanza.

Mkaguzi alikuja mwenyewe mwezi Januari. Maharage yalikuwa yameshang'olewa, yanakauka kwenye mikeka, mengi kuliko nilivyowahi kuona katika shamba lolote la mfano. Mahindi yalisimama yamebeba. Alifurahi waziwazi, jambo ambalo sikulizoea.

"Maharage ulipanda wapi?"

Hapo ndipo nilipokosa. Ningeweza kusema. Badala yake nikanyoosha mkono kuelekea penye nguo zilizoanikwa. "Kule, mzee."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Akaandika.

Baada ya mwezi mmoja Mama Bukuru aliingia jikoni kwangu bila kubisha hodi.

"Mwenyekiti wa kijiji ametusomea barua kutoka Kasulu. Maharage ya msimu wa pili tumeshapanda kwenye mahindi, yameota. Anasema Jumatatu tung'oe yote, atakayegoma atapelekwa mbele ya baraza. Anasema wewe umethibitisha kwamba yakiwa peke yake ndiyo yanazaa."

"Sikusema mng'oe."

"Ulisema nini?"

Nikamweleza. Hakupiga kelele, ningependa apige. Aliuliza tu, "Sasa watoto wangu wale kamba yako?"

Mnaoanza kazi leo mtatamani niseme nilisimama mara moja. Niliketi. Nilifikiria nafasi ya masomo ya ng'ambo niliyoahidiwa, na nilivyokuwa mtu wa kusifiwa kwa mwezi mmoja tu. Tangu nistaafu watu huniuliza mtu afanye nini akijikuta ana siku nyingi nyumbani, nami huwajibu wachague kitu kimoja wakifanye kwa mikono yao hadi kiwafundishe. Sijawahi kuwaambia kwamba kufundishwa ni nusu tu ya kazi.

Ilikuwa Ijumaa. Nilikwenda posta na daftari langu, karani akazungusha mkono wa simu, na baada ya saa nzima Kasulu ikapatikana. Ilibidi nipige kelele, na foleni yote ikanisikia.

"Mzee, maharage yangu yalikuwa ndani ya mahindi!"

"Sema tena!"

"Nilichanganya! Shimo moja! Nilikudanganya!"

Nikamsikia akimwambia mtu ofisini mwake, "Pigia Murungu. Wasing'oe kitu. Sema barua imefutwa." Halafu akanirudia mimi. "Barua yako ya onyo itakuja na gari. Masomo ya ng'ambo usahau."

"Ndiyo, mzee."

Sikusikia akikata. Akauliza kwa sauti ya chini, hata nikalazimika kuziba sikio la pili.

"Hilo shimo moja, ulitia punje ngapi?"

"Mahindi mawili, maharage matatu. Ila maharage yanasubiri kwanza mahindi—"

"Ngoja," alisema. "Nichukue kalamu."