Marehemu Alivyozidi Kukopa Akiwa Kaburini

Mume wangu anazikwa, wadai wake ni watano. Miezi mitatu baadaye wakawa kumi na tisa.

Nikasema Yesu wangu, huyu mtu anakopa akiwa kaburini?

Mimi ni Mama Blessing, nauza mchele Kagongwa. Darasa la saba, basi. Baba Blessing alikuwa na duara Rwamgasa, yaani shimo la kuchimba dhahabu. Na huko huko alikuwa na Dorah. Mweupe, ana mwanya, anacheka hata na mbwa. Kila Jumapili nilimwambia Mungu nimemsamehe. Mungu alikuwa ananitazama tu.

Wadai wakaitaka nyumba. Nikaenda Kahama kwa Wakili Magesa, anayesimamia kesi za waliofilisika.

"Wadai wangapi, mama?"

"Watano."

"Basi ada yangu laki nne. Nyumba tutaiokoa."

Nikauza magunia, nikalipa.

Ndipo wakaanza kumiminika. Huyu alimpa marehemu unga wa wachimbaji, huyu dizeli ya pampu, huyu magogo ya kuzuia shimo lisibomoke. Kila aliyebisha hodi, jina lake nikalipeleka kwa wakili, naye akamwandikia barua.

Siku moja ananipa bei mpya. Milioni moja na laki tatu!

"Si ulisema laki nne?"

"Kwa watano, mama. Usipomalizia kabla ya tarehe ya mahakama, najitoa."

Natoka nje. Kwenye benchi namkuta nani? Dorah! Naye wanamdai mashine ya kusagia mawe. Wakili wake ni huyo huyo.

"Wewe kakutoza ngapi?"

"Laki nne tu, dada. Haijaongezeka."

Laki nne TU.

Jamani, moyo uliwaka. Mume kachukua, sasa na wakili? Nikahamia kibanda cha chai mkabala na ofisi, rozari mkononi, macho mlangoni. Wiki mbili, kaingia mara nne. Viatu vipya. Kucha nyekundu.

Mara ya tano nikaingia nyuma yake bila hodi.

"Mjane wa ndoa nalipa milioni, hawara analipa laki nne! Hiyo tofauti analipa kwa kitu gani?"

Karani akainamia makaratasi. Wakili akavua miwani.

Dorah wala hakushtuka. "Kwa daftari, dada."

Akalitoa kwenye mkoba. Daftari la duara, mwandiko wa Baba Blessing mtupu.

"Mimi nilikuja nalo siku ya kwanza, wakili akajua nani ananidai na nani ananidanganya. Wewe nilikuletea msibani, ukanifukuza sijavua hata viatu."

"Siri ya mteja siwezi kuitoa," wakili akasema. "Nimembembeleza wiki mbili aniruhusu. Leo kakubali."

Akasoma. Wale kumi na wanne hawakuwa wadai kabisa. Walikuwa wanalisha duara kwa mgao: dhahabu ikitoka mnagawana mawe, isipotoka kila mtu anakula hasara yake. Wote wameweka dole gumba. Rwamgasa hata mtoto anajua. Mimi wa mchele ningejulia wapi? Walikuja kujaribu bahati kwa mjane, nami nikawa nawaandikisha!

Bei ikashuka hadi laki sita, maana barua zilishaandikwa. Nikabishana mpaka tano na nusu. Nyumba ikapona.

Lakini ukurasa wa kwanza niliona jina la aliyelisha duara kuliko wote. Dorah. Milioni tatu.

"Mbona wewe hukuja kudai?"

"Nilikula hasara yangu, dada."

Hapo wivu ukanishika upya, mkali kuliko wa mwanzo. Miaka kumi na tisa ya ndoa, mume wangu hakuwahi kuniambia duara linalishwaje. Yeye alimwambia.

Wanawake wenzangu, mwulizeni mume kazi yake angali hai. Na mkiwa na mtu mnayemchukia, msikilizeni hata dakika tano, chuki yenu mtaikuta palepale.

Yangu niliikuta. Nyumba ninayo, wivu ninao. Mungu bado ananishughulikia.