Mlango wa Walevi

Harufu ya bia iliyokaukia kwenye mbao haiishi, usidanganywe. Juzi nilipita mtaa wa Phillips, mjini, ikanijia puani kutoka baa moja kuukuu, nikarudi utotoni, na hasira ikarudi nami.

Kanisa letu lilikuwa baa. Mwingereza fulani aliijenga zamani kama za kwao: matofali mekundu, vioo vya rangi ya asali, kaunta ndefu nyeusi iliyong'arishwa na viwiko vya watu. Mlango wake mpana ulikaa kwenye kona yenyewe ukitazama barabara zote mbili, bila ngazi hata moja. Mlevi akitokea huku au kule, unamdaka. Siku ya kuliweka jengo wakfu, wazee wa kanisa walipaka kuta mafuta, kisha wakaweka agano kwamba waliookoka hawapiti walipopita walevi. Baba yangu, mmoja wa wazee hao, ndiye aliyeupigilia mlango huo misumari. Tukawa tunaingilia uani, kwa ngazi nyembamba yenye kona kali, palipokuwa pakipitishwa mapipa ya bia. Ajabu! Bia yenyewe ilipita hapo, lakini nani angethubutu kusema?

Nyanya alithubutu. Alikuwa ametoka Kenya kuja kuishi nasi Blaine, huku ughaibuni, magoti yakamkatalia, akawa wa kiti cha magurudumu. Jumapili ya kwanza vijana walimbeba juu juu kwenye ile ngazi, gauni likapanda mbele za watu, akalia kwa aibu. Hakukubali tena.

"Nifungulie ule wa mbele, mwanangu," alimwambia Baba. "Kwani mlango ndio uliokuwa ukilewa?"

Mama akaangua kicheko, akakimeza alipomwona Baba uso.

"Mama, watu watasema nimevunja agano kwa sababu ni wewe," Baba alimjibu Nyanya.

Basi Nyanya akawa anaabudu ndani ya gari, leso mabegani, nami kando yake. Hata kwenye theluji alishusha kioo kidogo asikie nyimbo. Alitaka jambo moja tu: kushiriki meza ya Bwana akiwa ndani na wenzake. Walipomletea mkate garini aliukataa. "Mimi si mgonjwa wa wodini," alisema.

Alifariki mwezi wa tatu. Jeneza likagoma kupinda kwenye ngazi ya uani. Wazee wakanong'onezana, Baba akachukua nyundo, akang'oa misumari. Hayawi hayawi, yakawa: Nyanya akaingia kwa mlango wa mbele, watu wakiimba. Mama hakuimba.

"Akiwa hai ilikuwa dhambi," alisema kwa sauti.

Baba alipolia siku hiyo, nilidhani analia msiba tu. Miaka ilipita ndipo nikaielewa kazi aliyokuwa akiifanya: alihudumia wazee wasiojiweza kwenye makao ya kuwatunza. Wiki nzima aliwafungulia mama za watu milango, akawasukuma taratibu, akawauliza kama wanasikia baridi. Alijua inavyofanywa. Alijua, na bado akachagua kusemwa vizuri na watu. Mengine nimemsamehe. Hilo bado.