Namba za Ukutani

Juzi simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, na fundi wa hapa Tunduma akaniuliza kama majina nimeyahifadhi kwenye akaunti. Nikamwambia yapo kwenye akaunti, yapo kwenye kompyuta ya ofisini, na yapo kwenye daftari pia. Akacheka. Hakumjua bibi yangu wa Nanyala.

Bibi hakuiamini simu yake, kwa hiyo namba za ndugu wote aliziandika kwa mkaa kwenye ukuta wa sebuleni. Alasiri moja nikiwa mtoto, nikimsikia nje akianua kahawa kavu, ikichakarika mkekani, niliamua kumfurahisha. Nikachukua udongo mweupe, nikapaka ukuta mzima. Nyumba ikanukia kama mvua ya kwanza. Nilipomaliza ndipo nilipokumbuka namba ya mjomba aliyehamia Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Niliamini kabisa kwamba nimemfuta mjomba mwenyewe, na hatakuja tena.

Bibi alinikuta nalia, mikono myeupe hadi viwikoni. Aliutazama ukuta, akaingia chumbani, akarudi na kitabu chake cha nyimbo za kanisani. Kurasa za mwisho zilijaa namba.

"Na nyingine ziko kwa jirani, Mama Tuse," alisema. "Ningeuamini ukuta, na wewe umo humu ndani?"

Akanipa mkaa niziandike zote upya. Mjomba alishabadilisha namba siku nyingi, lakini ile ya zamani naijua kwa kichwa mpaka leo.