Firigisi ya Mzee Nzau

Kimeu hakuwa mtu wa kushukuru mbele ya chakula. Miaka kumi na minane alikuwa mpishi wa Bwana mmoja wa kahawa, kando ya Ruiru unapoelekea Mugutha, na katika miaka hiyo alijifunza kudharau kila kilichopikwa na mkono wa mwingine. Muthokoi wa mkewe Katunge, mahindi ya kukoboa yaliyopikwa na maharage, aliuita chakula cha punda. Mdogo wake Muthoka, mchoma makaa wa kule Theta, alimwita mtu asiyejua hata kazi ya chumvi. Memsahib mwenyewe, mke wa Bwana, hakusalimika. "Yule mama akiachiwa jiko wiki moja, watu watazikwa," alisema, na hilo, haki ya Mungu, lilikuwa kweli.

Fahari yake ilikuwa makaroni ya kuku. Bwana aliwahi kuwa askari Uhindini, akarudi na ulimi usiosikia kitu bila pilipili. Memsahib naye alitaka maziwa na jibini katika kila kitu. Kimeu, ili asigombane na yeyote, aliwaunganisha ndani ya bakuli moja. Alichemsha kuku, akamnyofoa nyama yote na kutupa mifupa. Alikaanga unga kidogo kwa siagi, akautilia maziwa polepole, akikoroga bila kupumzika mpaka mchuzi ukawa mzito na laini, usio na donge hata moja, ndipo akatia pilipili kavu aliyoitwanga mwenyewe. Akachanganya na makaroni, akanyunyiza jibini juu, akasukuma bakuli ndani ya stovu mpaka uso wake ukaiva na kuwa mwekundu kama udongo wa shambani. Kila Jumatano jioni Bwana alikula huku akitoka jasho, memsahib akila huku akijipepea, na bakuli lilirudi jikoni tupu.

Kichwa, miguu na firigisi havikuingia humo. Hivyo vilikuwa haki ya Bobi, mbwa wa memsahib, aliyekaa mlangoni kila Jumatano kana kwamba ana kalenda. Kimeu alimrushia bila hata kugeuza shingo.

Basi mwaka wa hamsini na saba Philip, mwanawe wa kwanza, alitaka kuoa. Msichana alikuwa Kamene, binti wa Mzee Nzau, mnyapara wa mkonge upande wa Thika. Huyo Nzau alikuwa mtu wa kuogopwa. Posa moja alikuwa amekwisha kuikataa kwa sababu baba wa kijana alimsalimia akiwa ameketi. Sasa alituma habari kwamba Jumapili, baada ya kanisa, angekuja kuiona nyumba atakayoingia mwanawe. Philip hakulala vizuri wiki nzima.

Katunge alimtoa jogoo wake mkubwa. "Baba Philip, niachie nimpike mimi," alisema. "Mzee yule ni wa kuangalia kila kipande."

"Wewe unajua kuchemsha tu," Kimeu alijibu. "Nzau aje kwa mpishi wa Bwana, apewe kuku wa kuchemsha? Watu watasemaje?"

"Watasema amekula akashiba."

Kimeu alicheka kwa pua. Wazungu walikuwa wamekwenda Nairobi, na memsahib alikuwa amempa ruhusa ya jiko. Alifanya kazi yake kama alivyoizoea, na bakuli likatoka limeiva vizuri kuliko Jumatano yoyote. Alilifunika kwa kitambaa cheupe, akalibeba kichwani mpaka kambi ya wafanyakazi, akipita mbele ya masufuria ya majirani bila kuyatazama.

Mzee Nzau alikuja na ndugu yake Musau. Wakanawa mikono, wakasali, kitambaa kikafunuliwa. Musau alikula sahani ya kwanza, akaomba ya pili, machozi ya pilipili yakimtoka kwa furaha. Nzau aligeuzageuza kwa kijiko kama mtu aliyepoteza sindano.

"Kimeu," alisema, "huyu alikuwa kuku?"

"Jogoo, mzee. Wa mama Philip."

"Paja lake silioni. Bawa silioni. Haya, ni mambo ya Wazungu, nakuachia. Lakini firigisi yangu iko wapi?"

Kwa watu wa rika la Nzau, kuku wa mgeni hakukamilika bila firigisi. Hiyo haikuliwa na mtoto wala mwanamke. Ilikuwa ya mkubwa wa nyumba, na mkubwa wa nyumba ndiye aliyeitoa kwa mgeni anayemheshimu. Kimeu aliyajua hayo tangu utotoni. Lakini sasa aliukumbuka mkono wake, asubuhi ile, ukirusha kitu mlangoni bila yeye kugeuza shingo.

"Kule kwa Bwana, mzee, firigisi hupewa mbwa."

"Sikuuliza ya Bwana. Nauliza ya huyu."

Philip alikuwa akimtazama. Kimeu alitafuta uongo, akaukosa.

"Nimempa mbwa."

Nzau hakupaza sauti. Alichukua kofia yake, akasimama. "Basi mwenye nyumba hii ni mbwa," alisema. "Mwiteni, nizungumze naye habari ya Kamene."

Nje, aliyekuwa akisikiliza dirishani alicheka, kisha kambi yote ikacheka. Kimeu alikaa chini kwa aibu. Ni Katunge aliyewakimbilia wageni mpaka barabarani, akamshika Musau mkono, akaomba. Musau, ambaye alikuwa bado na ladha mdomoni, akamwombea kwa nduguye. Nzau alikubali kwa sharti moja: atazungumza na mtu mzima wa ukoo ule anayejua kuku alivyo, naye ni Muthoka, mdogo wake Kimeu.

Mazungumzo yalifanyika Theta, katika kibanda cha mchoma makaa, siku aliyoichagua Nzau mwenyewe, Jumatano. Katunge alipika jogoo wa pili, akamchemsha. Muthoka alitoa firigisi kwa mikono miwili, na Philip akapewa mke.

Kimeu hakuitwa. Alikuwa jikoni kwa Bwana, maji ya kuku yakichemka, stovu imekolea. Alipomchana kuku alishika firigisi, akaiosha, akaitazama kwa muda mrefu. Mlangoni Bobi alikuwa amekaa, akitikisa mkia.

"Haya, mzee," Kimeu alimwambia, akamrushia.