Machale yalimkataa mchumba wa mdogo wangu, nikaenda mpaka Mbeya kutafuta sababu

Wakuu, kamwene.

Hii sijasimuliwa, imenikuta mwenyewe. Nimebadilisha majina tu, mengine yote ni kama yalivyotokea.

Mimi nauza mbao Iringa mjini, naishi Kihesa. Ni mwaka wa kumi na tisa sasa kwenye kazi hii. Nikishika ubao wa paina, kabla sijaukagua vizuri, mkono unaniambia huu utapinda ukikauka. Ukiniuliza nimejuaje, sina jibu. Nauweka pembeni, na baada ya wiki kadhaa kweli umepinda.

Kwa hiyo machale yangu nayaheshimu. Shida ni kwamba nilikuwa nayaheshimu hata kwenye mambo yasiyo ya mbao.

Mdogo wetu wa mwisho, nimwite Rehema, ni mwalimu wa shule ya msingi. Baba alishafariki, mimi ndiye kaka mkubwa, hivyo mambo kama posa yananisubiri mimi. Mwaka juzi akatuletea mchumba. Ambokile, Mnyakyusa, afisa mifugo, anakaa Uyole kule Mbeya.

Jamaa alikuja Jumapili mchana, baada ya ibada. Aliongea na mama kwa adabu, akala, akaenda hadi kumwangalia ng'ombe wa jirani aliyekuwa anachechemea. Mama akampenda hapo hapo.

Mimi tulipokaa naye sebuleni tu, tumbo likakaza. Moyo ukasema huyu hapana.

Sababu? Sikuwa nayo hata moja.

Baadaye ikaja barua ya posa. Nikaitia kwenye droo. Ikapita wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Upande wa pili wakaanza kuulizia kwa upole. Mama yeye akaacha kabisa kuniuliza, na wanaomjua mama yangu wanajua hiyo ni mbaya zaidi.

Ndipo Rehema akanifuata bandani kwangu. Hakulia wala kugomba. Alitaka kujua nina tatizo gani na Ambokile. Nikamwambia ukweli, kwamba moyo wangu unamkataa.

"Kaka, nipe sababu, nitaisikiliza hata ikiniuma," akasema. "Ila moyo wako nitaujibu nini?"

Alipoondoka nikaona ana haki. Nikaamua niende Mbeya nikamchunguze mtu kwa logic, siyo kwa tumbo.

Nikachukua kidaftari, nikaandika maswali: pombe, hasira, kama ana mke mwingine, anaishije na majirani. Nilipofika Igawa, njiani, nikasimama kunywa chai, nikaongeza lingine: anawaongeleaje wazazi wake.

Hapa naomba niwe muwazi. Nilijiona natumia akili, kumbe sikwenda kutafuta ukweli. Nilikwenda kutafuta ushahidi wa kitu ambacho tumbo lilishakiamua. Kila mtu niliyemuuliza, nilikuwa naomba kimoyomoyo aniambie baya.

Mzee wa kanisa akamsifu. Mfugaji mmoja akaniambia ng'ombe wake alishindwa kuzaa mvua ikinyesha, gari halipiti, Ambokile akaja kwa miguu na kukaa naye hadi ndama akatoka. Mama mwenye genge jirani na kwake ndiye pekee aliyekuwa na lawama: jamaa anaazima ndoo halafu anasahau kurudisha.

Nikaandika "ndoo" kwenye kidaftari. Ndiyo ushahidi wote niliopata.

Mwisho nikaenda kwake. Alishangaa kuniona, lakini akanikaribisha, akachemsha chai mwenyewe. Tukaanza kuongea, mara tumbo likakaza vilevile. Halafu likaachia. Halafu likakaza tena.

Nikawa na shauku ya kujua. Nini kinabadilika?

Ndipo nikasikia. Alikuwa ameingiza mkono mfukoni, anachezea funguo. Zikilia, tumbo linakaza. Zikinyamaza, linaachia.

Wakuu, nilisoma shule ya bweni. Kulikuwa na mwalimu wa nidhamu aliyetembea akichezea funguo mfukoni, tukizisikia tunajua anakuja. Nikiwa kidato cha pili alinichapa mbele ya shule nzima kwa kosa ambalo sikulifanya. Baadaye mhusika alijulikana, lakini hakuna aliyeniomba radhi. Nilidhani nimeshasahau. Kichwa kilisahau, mwili haukusahau.

Nikamwomba Ambokile aweke funguo mezani. Akaziweka, ananitazama tu. Nikamweleza yote, hadi barua iliyoko kwenye droo.

Akasema, "Kaka, mimi huwa nachezea funguo nikiogopa. Tangu siku ile ya kwanza nilikuwa nakuogopa wewe."

Niliona aibu ambayo siwezi kuieleza.

Nilirudi Iringa nikajibu barua. Wameoana, wana mtoto wa kike, na Rehema ana furaha. Sitadanganya kwamba hali ile imeisha. Siku nyingine shemeji akijisahau akachezea funguo, bado tumbo linakaza. Tofauti ni kwamba sasa naliuliza linamzungumzia nani.

Nimewaza sana kwa nini machale yaleyale yanapatia kwenye mbao na kukosea kwa watu. Nadhani ubao nikiukosea naujua, maana baada ya mwezi upo pale pale umenyooka, unanisuta. Kwa hiyo mkono umejifunza. Mtu niliyemkataa anaondoka. Harudi kunionyesha kwamba nilikosea, na mimi nabaki naamini nilipatia.

Kuna mmoja hanitoki akilini. Alitoka Nyololo miaka kadhaa nyuma, akaomba kazi ya kuranda mbao. Nikampa ubao ajaribu, akauranda vizuri kuliko mafundi wangu. Nikamwambia nafasi hakuna, na nafasi ilikuwepo. Moyo ulimkataa tu. Akashukuru, akafuta vumbi la mbao mikononi, akaondoka.

Mpaka leo sijui alikuwa amenikumbusha nani.

Nyie wenzangu, mnatofautishaje machale ya kweli na kidonda cha zamani? Na kuna mtu uliyemkataa hivi, ungependa umuone tena? Tuambiane, nasoma kila comment.